Shusha Macho Kwenye Mabua: Kumchunguza Kereng'ende Penye Ardhi Oevu

Anayekwenda kinamasini kutazama kereng'ende kwa mara ya kwanza huinua macho. Anamfuata mwekundu aliyepita mbele ya uso wake, kisha wa buluu aliyetulia hewani kidogo halafu akachomoka kama risasi. Si vibaya, maana utamu wenyewe umo humo. Ila kereng'ende anayeruka juu ya maji hakuambii mengi kuhusu maji hayo. Huenda alizaliwa hapo, au alifika jana akifuata mbu, au anapita tu. Yupo mmoja, Pantala flavescens, mwenye rangi ya manjano iliyochujuka na mabawa mapana, ambaye huvuka Bahari ya Hindi kwa msaada wa upepo. Kumkuta juu ya dimbwi la mvua ni kama kumkuta abiria kituoni.

Ukitaka kujua nani ni mwenyeji, shusha macho. Tazama mabua ya matete na ndago, sentimita kumi hadi hamsini juu ya maji, utafute maganda.

Kereng'ende hana hatua ya bundo, ile ya kutulia ndani ya kifuko, kama kipepeo. Yai huanguliwa majini, tunutu, yaani mtoto wake, hukua kwa kujivua ngozi mara nane hadi kumi na saba kutegemea spishi, na ngozi ya mwisho huivulia nje ya maji. Ngozi hiyo ndiyo ganda. Huyo Pantala, kwa kuwa huzaliana kwenye madimbwi yanayokauka, humaliza maisha yake ya majini kwa takriban wiki tano hadi tisa. Spishi za mahali penye baridi huweza kukaa chini miaka mitano. Maisha ya mabawa, tunayoyaona sisi, mara nyingi ni wiki chache tu. Kwa hiyo mtazamaji wa angani anatazama mkia wa hadithi.

Tunutu ni mwindaji hatari kuliko unavyodhani ukimwona na rangi yake ya tope. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya kichwa kama mkono, na hufyatuka mbele kunasa kiluwiluwi au samaki mchanga kabla hajajua kilichompata. Kereng'ende wako makundi mawili, wanene na wembamba. Tunutu wa wanene hupumulia matamvua yaliyo ndani ya utumbo wa nyuma. Huvuta maji kwa nyuma na kuyatoa, na akishtuka huyasukuma kwa nguvu hata mwili wote ukaruka mbele. Tunutu wa wale wembamba huwa na vijani vitatu mwishoni mwa tumbo, kama manyoya. Ukichota maji kwa kichungi ukapata mdudu mwenye vijani vitatu mkiani, usisumbuke zaidi: ni wa kundi jembamba.

Siku ya kutoka, tunutu hupanda bua na kulishika kwa miguu yote sita. Wanene wakubwa, hasa wa familia ya Aeshnidae, hupenda kupanda usiku ili alfajiri iwakute wameshakauka. Mgongo hupasuka, kifua na kichwa hutoka, kisha mdudu hujiachia akaning'inia kichwa chini, tumbo likiwa bado limeshikwa ndani ya ganda. Hapa hutulia kwa muda mrefu, nusu saa au zaidi, na wengi hudhani amekufa. Hajafa, anangoja miguu iwe migumu. Ikishakuwa migumu hujikunjua ghafla, hushika kichwa cha ganda lake mwenyewe, na kuchomoa tumbo. Mabawa yaliyokunjamana kama karatasi iliyolowa hujazwa majimaji ya mwili hadi yanyooke, halafu majimaji hayo hurudi kurefusha tumbo. Kazi yote huchukua saa moja hadi tatu. Kereng'ende wembamba hawaning'inii kichwa chini. Hutoka wakiwa wima, na wa familia ya Gomphidae pia, ambao mara nyingi hata hawapandi bua, hutokea juu ya jiwe au mchanga wa ukingoni.

Muda huu ndio wa maafa. Upepo ukilipeperusha jani jirani likagusa bawa laini, bawa hukauka likiwa limepinda na mdudu huyo hataruka kamwe. Siafu humkuta hana pa kukimbilia. Matete yakiwa machache, tunutu wa pili hupanda juu ya wa kwanza na kumkanyaga. Ukikuta mmoja ananing'inia, usilishike bua, usilisogeze upate picha nzuri, wala usipige hatua ya kulitikisa tope aliposimama. Piga picha ukiwa mbali au uondoke.

Maganda huokotwa asubuhi mapema, kabla ya upepo na mvua. Pita ukingoni polepole, macho yakiwa sambamba na maji. Kuinama ndiyo siri yenyewe, maana ganda hukaa upande wa chini wa jani au upande wa bua unaotazama maji, na aliyesimama wima halioni. Kagua pia nguzo za madaraja, mizizi iliyo wazi, kuta za mawe, na mchanga mtupu. Kabla ya kuchukua, hakikisha mwenyewe ameondoka: ganda tupu lina mpasuko mgongoni na nyuzi nyeupe zimechomoza pale. Nyuzi hizo ni bitana ya mirija ya kupumulia, imetoka pamoja na ngozi. Lisilo na mpasuko bado lina mtu ndani.

Usilivute. Kata kipande cha bua, au sukuma kucha moja moja kwa ncha ya kijiti. Liweke kavu katika kiboksi kigumu, bila pamba, kwa sababu pamba hunasa miguu na siku ya kuitoa utabaki na kiwiliwili kisicho na miguu, nayo miguu ni sehemu ya utambuzi. Weka humo karatasi yenye tarehe, mahali, aina ya mmea na kimo juu ya maji, iliyoandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka unyevu ukiingia.

Nyumbani, loweka ganda dakika kadhaa katika maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni. Likilainika, kunjua mdomo wa chini kwa kijiti uutazame. Ukiwa umebonyea kama kijiko na kufunika uso mpaka machoni, uko kwenye kundi la Libellulidae na ndugu zake. Ukiwa bapa kama ubao, tazama vipapasio: vinene vyenye sehemu nne ni Gomphidae, vyembamba kama uzi ni Aeshnidae. Hatua hizo mbili huchukua dakika tano na hukufikisha kwenye familia bila kitabu kizito. Kwenda hadi spishi ni kazi nyingine, inahitaji lenzi ya mkono ya mara kumi na subira ya kuhesabu miiba iliyo kando ya tumbo.

Sasa wanaoruka.

Kereng'ende hupata joto lake kutoka juani. Chini ya nyuzi 17 hivi za Selsiasi wengi hukaa kimya ndani ya majani, na wingu likifunika jua kwa dakika kumi kinamasi kilichojaa huonekana kitupu. Muda mzuri ni saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, upepo ukiwa mdogo. Jua kali la mchana nalo lina mambo yake: utawaona wengine wameinua tumbo likielekea juani kama mshale uliochomekwa. Hawachezi. Wamelielekezea jua ncha ya mwili badala ya ubavu, ili joto liwapate kidogo. Na wako wanaopenda giza, kama jenasi ya Gynacantha ya nchi za joto, wanaolala kivulini mchana kutwa na kuruka magharibi jua likizama. Orodha ya mchana peke yake huwakosa wote hao.

Darubini ichague kwa umbali wa karibu unaoweza kuuona, si kwa ukubwa wa mara. Ya mara nane inayolenga kitu kilicho mita mbili inafaa kuliko ya mara kumi na mbili inayoanzia mita tano. Kereng'ende unayemtaka yuko mita tatu, na darubini ya ndege itakuonyesha ukungu mtupu. Ya mara kubwa pia hutetemeka zaidi mkononi, na sehemu inayoonekana ni finyu hata humpati mdudu aliyesogea.

Kuhusu kumsogelea: macho yake yana vijicho hadi elfu thelathini kila moja, na sehemu ya juu ya jicho iko macho zaidi kwa kitu kinachotembea juu yake. Kwa hiyo nenda chini, polepole, usiinue mkono ghafla, na usiruhusu kivuli chako kimguse. Akiruka, usimfuate. Wapo wa aina mbili. Wa kukaa huketi juu ya kijiti, hurukia mawindo, hurudi palepale. Huyo ukisimama kimya dakika mbili atarudi mwenyewe, tena ukiwa umeshasogea hatua moja. Wa kuruka, kama Anax, hupiga doria mfululizo na haketi ovyo. Huyo mngoje kwenye kona ya njia yake, atapita tena. Anayemkimbiza Anax kwenye tope anapata tope.

Utambuzi uanze na umbo, rangi ije mwisho. Wembamba wana macho yaliyoachana kama ncha za nyundo, mabawa manne yanayofanana, na wakitua wengi hukunja mabawa juu ya mgongo. Familia ya Lestidae huwachanganya watu, kwa kuwa ni wembamba lakini hutua mabawa yakiwa nusu wazi. Wanene wana mabawa ya nyuma mapana zaidi shinani, na hutua mabawa yakiwa yametandazwa. Ndani ya wanene, tazama macho: Gomphidae yameachana, Aeshnidae yamekutana kwa mstari mrefu juu ya kichwa, Cordulegastridae yamegusana kwa nukta moja tu.

Rangi hudanganya kwa sababu inabadilika. Aliyetoka leo ana mabawa yanayong'aa kama plastiki na mwili wa rangi hafifu. Usimtambue kwa rangi, na usimshike kabisa. Dume la Crocothemis erythraea huanza na manjano ya udongo, sawasawa na jike, na wekundu wake wa pilipili huja akikomaa. Madume ya Orthetrum huota unga wa buluu-kijivu mwilini, na majike wazee wa baadhi ya spishi huota pia. Unga huo una faida kwako: ukiona umekwanguka ubavuni mwa tumbo la dume, ni alama ya miguu ya jike aliyemshika wakati wa kupandana. Dume huyo ameshaoa, na hukuwapo.

Jinsia isomwe kwa viungo. Dume ana uvimbe chini ya pingili ya pili ya tumbo, zilipo nyeti zake za pili, na koleo mwishoni mwa tumbo: tatu kwa wanene, nne kwa wembamba. Kwa koleo hizo humkamata jike, wanene kichwani, wembamba nyuma ya kichwa, na hapo wanakuwa sanjari. Jike akikunja tumbo hadi kwenye pingili ya pili ya dume, wawili hao hutengeneza umbo kama moyo. Dume hana haraka wakati huo. Mwaka 1979 mwanabiolojia Jonathan Waage alionyesha kwamba dume la Calopteryx maculata hutumia kiungo chake kwanza kuondoa mbegu za dume aliyetangulia, ndipo aweke zake. Ukijua hilo unaelewa kwa nini dume humlinda jike akitaga, ama akiwa amemshika bado, ama akizunguka juu yake akifukuza wenzake.

Namna ya kutaga husaidia sana kutambua kwa mbali. Wembamba wote na Aeshnidae wana kifaa cha kutagia kama msumeno mdogo, na hutoboa mmea kuweka yai ndani. Libellulidae wengi hugonga maji kwa ncha ya tumbo, tap, tap, tap, wakiruka. Jike la Anax imperator hutaga peke yake. La Anax parthenope mara nyingi hutaga sanjari na dume. Kwa mita ishirini, machoni mwa mwenye darubini mbaya, tofauti hiyo peke yake hutoa dokezo la kwanza.

Lakini hata kutaga si ushahidi kamili kwamba kereng'ende ni mwenyeji wa hapo. Kereng'ende hutambua maji kwa mwanga uliopangika upande mmoja unaoakisiwa nayo, na vitu vyeusi vinavyong'aa huakisi mwanga huo kuliko maji yenyewe. Boneti ya gari, karatasi ya nailoni ya shambani, jiwe la kaburi lililosuguliwa, paneli ya sola, mafuta yaliyomwagika: jike hutaga hapo kwa imani yote, na mayai hukauka au mwenyewe hunasa. Kwa hiyo daftarini pangilia ushahidi kwa uzito: aliyeonekana tu, dume mwenye himaya (eneo analolilinda), sanjari, anayetaga, aliyetoka leo, ganda. Kila hatua iwe na alama yake fupi, usiandike "wengi sana".

Kuhesabu kunataka njia ileile kila safari. Pima mita mia moja za ukingo, weka alama mbili, ya mwanzo na ya mwisho, tembea kwa dakika ishirini hivi, uhesabu walio mita mbili nchi kavu na mita tano juu ya maji. Hesabu wembamba safari ya kwenda na wanene ukirudi, maana macho hayawezi kutafuta ukubwa mbili kwa wakati mmoja. Kosa kubwa zaidi ni kumhesabu dume mmoja wa doria mara sita. Simama, mtazame akigeuka, ujue himaya yake inaishia wapi. Ukiona wawili wakipambana, ndipo uandike wawili. Andika pia joto, wingu na upepo, la sivyo siku ya mawingu itasomeka kama kuporomoka kwa kinamasi.

Wavu unahitajika pale tu picha haitoshi. Duara la sentimita 40 hadi 50, mfuko wa kitambaa laini wenye kina cha kutosha kukunjika juu ya ukingo. Piga ukitokea nyuma na chini yake, kisha zungusha mpini mara moja mfuko ujifunge. Mshike kwa mabawa yote manne yaliyokunjwa pamoja juu ya mgongo, kati ya kidole gumba na cha shahada, usimshike tumbo. Mikono iliyopakwa dawa ya mbu au mafuta ya jua isimguse. Hana mwiba wa sumu; wakubwa huuma kidogo kwa taya, basi. Mpige picha, mwache aende. Hifadhi nyingi hudai kibali hata kwa wavu mtupu, basi uliza kabla ya kuufungua.

Kwa picha, pata pembe tatu: ubavu mzima, mgongo kwa juu, na ncha ya tumbo kwa karibu. Picha ya mbele, macho makubwa na tabasamu, hupendeza kila mtu na haimtambulishi mdudu. Tumia tundu la lenzi la f/8 au namba kubwa zaidi, ili mwili wote uonekane wazi. Kwa aliye hewani kasi ya 1/1000 ya sekunde ndiyo mwanzo, na ulenge kwa mkono pale anaposimama hewani, usiiachie kamera itafute yenyewe, itashika matete ya nyuma.

Miguu yako nayo. Kijiti kirefu kipime tope kabla ya kila hatua. Penye kichocho usiingie maji kwa miguu mitupu wala usichote tunutu bila glavu ndefu. Penye mamba au kiboko, ukingo wenye matete marefu si mahali pa kuinama, hata kama ganda zuri limening'inia pale.

Orodha ikishakusanyika unaweza kuipima. Barani Afrika kuna kipimo kilichoanzia Afrika Kusini, kinachompa kila spishi alama 0 hadi 9: upana wa eneo lake, hatari ya kutoweka, na wepesi wake wa kuathirika na uharibifu, kila kimoja 0 hadi 3. Wastani wa alama za spishi zote ndio hali ya maji. Kinamasi chenye spishi ishirini zote za alama 0 na 1 ni mtaa wa wapangaji. Chenye kumi na mbili, wanne kati yao wakiwa na alama 6, ni kitu kingine kabisa, na hapo ndipo maganda hulipa jasho lake: ukiwa na ganda la mmoja wa hao wanne, hakuna atakayesema alipeperushwa na upepo.

Dunia nzima ina zaidi ya spishi 6,000, na tathmini ya kwanza kamili ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, iliyotoka Desemba 2021, iliona kwamba asilimia 16 ya spishi 6,016 zilizopimwa zimo hatarini. Sababu kubwa ni kukaushwa na kuharibiwa kwa maeneo oevu. Kwa mtazamaji hilo lina tafsiri ya vitendo. Kabla ya kuandika "hayupo", rudi. Spishi moja hutoka mwanzo wa mvua, nyingine maji yakipungua, nyingine usiku mmoja tu kwa wingi kisha kimya. Safari tatu zilizoachana wiki mbili mbili ndani ya msimu ndizo za chini kabisa. Na safari isiyo na ganda hata moja iandikwe pia, pamoja na saa uliyofika na urefu wa ukingo uliokagua kwa kuinama.